Mji wa Kale nao uwekewe saa za magari: yaliyotupata mimi na mume wangu barabarani Italia

Kwa Mhariri,

Assalaam alaikum, na salamu kwa wasomaji wote wa gazeti lako. Barua yangu ni ndefu kidogo, nimeshaipunguza mara mbili na kila nikipunguza naona lililotoka ndilo la maana, kwa hivyo naomba univumilie unipe nafasi. Mimi ni mama wa watoto wanne, nimezaliwa Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale hapa Mombasa na nimeolewa hapo hapo Kibokoni, na baba watoto ana tuktuk tatu ndizo zinazotulisha, mbili wanaendesha vijana na moja aiendesha mwenyewe. Hilo nalisema mapema maana nitakaloomba huko mbele linagusa riziki yetu wenyewe.

Mwaka jana mwezi wa tano mtoto wa dadangu aliolewa Italia. Dadangu mkubwa yuko kule miaka mingi, alikutana na mumewe Malindi kama walivyokutana wengi, na nyumba yao iko nje kidogo ya mji wa Parma. Akatutumia barua ya mwaliko tukaenda Nairobi kuomba viza ya Schengen, na hapo pana kazi wallahi, karatasi za benki, tiketi, bima ya safari isiyopungua euro 30,000, barua ya mwenyeji, mpaka tulipoipata nilisujudu. Baba watoto akasema tukifika Roma hatupandi treni, twakodi gari twende nalo polepole mpaka Parma, tuna siku nane, na safari kama hii huenda tusiipate tena. Mimi lugha haikunitia wasiwasi kwa sababu kabla sijaolewa nilifanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja Malindi miaka mitano, na mwajua Malindi ilivyo, Wataliano wako pale tangu siku za ile mitambo ya San Marco ya kurushia setilaiti kule Ngomeni miaka ya 1960, mpaka muuza madafu akutajia bei kwa Kitaliano. Lakini Kitaliano changu ni cha kuzungumza na watu, si cha kusoma mabango ya barabarani, na tofauti hiyo nilikuja kuilipa kwa pesa taslimu.

Shida ya kwanza tuliipata hata hatujatoka uwanja wa ndege wa Fiumicino. Tulikuwa tumepanga gari kubwa kiasi kwa sababu ya masanduku, dadangu aliagiza kanga, mabuyu, achari ya maembe, iliki, karafuu, halua kilo nne. Pale kaunta wakataka kadi ya krediti yenye jina la dereva, na dipoziti ya gari lile kadi ya baba watoto haikuibeba. Mimi nina kadi yangu lakini dereva ni yeye, haikubaliki. Tulisimama saa nzima huku watu wanatupita, mwisho yule binti wa kaunta akatuonea huruma akasema kuna Fiat Panda moja imebaki, gari dogo, na dipoziti yake ndogo. Tukaichukua. Sanduku moja likakaa miguuni mwangu kutoka Roma mpaka Parma na gari zima lanukia iliki. Na kwa anayefikiria safari kama hii, leseni yetu ya Kenya peke yake haitoshi kule, lazima uwe na ile ya kimataifa pia, sisi tuliifanya kabla ya kuondoka na tuliulizwa.

Sasa kule wanaendesha upande wa kulia. Baba watoto ameshika usukani Mombasa zaidi ya miaka 25, ameendesha Marikiti saa sita mchana, ameendesha Kongowea siku ya mvua, huwezi kumwambia kitu kuhusu foleni. Lakini mkono una mazoea yake. Usukani uko kushoto, gia watia kwa mkono wa kulia, na kile kijiti cha indiketa ambacho kwenye magari yetu ya Kijapani kiko kulia, kule kiko kushoto, basi kila akitaka kukata kona waipa zinaanza kupangusa kioo kikavu na jua kali liko juu, na wa nyuma wanapiga honi hawajui twaelekea wapi. Raundabauti wazunguka kinyume na sisi. Tukakubaliana kazi yangu ni moja, kila tukitoka mahali niseme "kulia", na nilisema kulia siku nzima mpaka sauti ikakauka. Siku ya pili asubuhi tulitoka mahali tulipokunywa kahawa, barabara ilikuwa tupu kabisa, mimi nilikuwa nahangaika na mkanda sikusema, akaingia kushoto kama anatoka nyumbani. Tulikwenda vile kidogo tu kisha kwa mbali mbele yetu likatokea lori, likawasha taa mara mbili. Alhamdulillah lilikuwa mbali. Akarudi upande wake, akasimama kando, tukakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniambia, "Mama, usininyamazie tena." Nikachukua boksi la biskuti nikakata kipande, nikachora mshale mkubwa wa kwenda kulia, tukaubandika pale mbele ya usukani na mshale ule uko nyumbani mpaka leo.

Mji wa kwanza kulala ulikuwa Orvieto, uko juu ya mwamba kama umewekwa juu ya meza. Gari waliacha chini, kuna paking kubwa, halafu wapanda ngazi za umeme zilizotobolewa ndani ya mwamba wenyewe watokea katikati ya mji. Wazee na fimbo zao, kina mama na watoto mgongoni, wote wapanda hivyo. Pale kuna kisima kinaitwa Pozzo di San Patrizio, kilichimbwa karne ya 16 kwa amri ya Papa ili mji ukizingirwa na maadui watu wasikose maji, kina zaidi ya mita 50 kwenda chini, na ndani kina ngazi mbili zinazozunguka, kila moja vidato 248. Moja ya kushukia na moja ya kupandia, hazikutani. Zilifanywa hivyo kwa ajili ya punda. Punda aliyebeba maji akipanda asikutane na yule mtupu anayeshuka, maana njia ni nyembamba hawawezi kupishana. Baba watoto alisimama kwenye dirisha moja la kile kisima akaangalia chini muda mwingi, nikamuuliza wafikiria nini, akasema, "Miaka mia tano nyuma walishajua njia nyembamba haipitishi wawili, sisi pale Ndia Kuu, Mji wa Kale, twapitisha wanne." Mimi wakati ule nilicheka tu.

Siena vile vile gari tuliacha nje. Siena walianza kuyatoa magari katikati ya mji tangu miaka ya 1960, kabla ya miji mingi. Ule uwanja wao wa Piazza del Campo umeinama kama kombe, na watu wamekaa chini kwenye matofali, wengine wamelala, watoto wakimbia na hakuna mama anayepiga kelele "gari hilo!" Nilikaa pale kutoka baada ya Adhuhuri mpaka jua likashuka. Kitu nilichokiona sikukiona mara moja, kilinijia polepole, nilikuwa nasikia nyayo. Nasikia viatu vya watu, vijiko kwenye vikombe, mtu anaita mwenzake kutoka dirishani ghorofa ya tatu na huyu wa chini amjibu bila kupaza sauti. Kibokoni ilikuwa hivyo nilipokuwa mdogo. Bibi yangu alikuwa akiketi barazani baada ya Alasiri azungumza na jirani wa upande wa pili wa njia, kila mtu kwenye baraza lake, mikono inamenya kitunguu, na maneno yavuka. Leo hata ukipiga ukelele hauvuki, bodaboda mbili zimeshapita katikati.

Kesho yake ndio tukapata lile lililonifanya niandike barua hii. Tulifika kwa mji mmoja mdogo wa Toscana, jina lake nalihifadhi, jua lilikuwa linazama na tumechoka, nyumba tuliyopanga kulala iko ndani ya kuta za zamani na ramani ya simu inasema nenda mbele tu. Mbele kuna lango la mawe. Pembeni kuna alama ya duara jeupe lenye ukingo mwekundu na maandishi madogo madogo chini yake, na juu kuna kibao cha taa kimeandika VARCO ATTIVO. Baba watoto akapunguza mwendo akaniuliza, waona nini. Nikasoma. Varco ni lango. Attivo ni yenye kufanya kazi. Nikamwambia, "Lango linafanya kazi, pita."

Kumbe kinachofanya kazi pale ni kamera. Maana yake ile sheria ya kuzuia magari imeshaanza saa zake, usiingie. Lile eneo wanaliita ZTL, miji mingi ya Italia yenye sehemu za kale inayo, wanaoingia na gari ni wakaazi wenye kibali, na wenye mizigo kwa saa zilizopangwa, na mgeni wa hoteli ikiwa mwenye hoteli amepeleka namba ya gari mapema. Sisi hatukujua. Tukaingia, nyumba tukaipita bila kuiona, tukatokea lango la chini, simu ikatuzungusha nje ya ukuta ikaturudisha lango lile lile la kwanza, tukapita tena chini ya kile kibao, mimi nasema pita.

Mara ya pili tukaingia uchochoro mwengine. Ukazidi kuwa mwembamba. Baba watoto akakunja vioo vya pembeni. Mbele yetu alikuwa akitembea mzee mmoja na mkate chini ya kwapa, alipotusikia hakukasirika, akajibana kwenye mlango wa nyumba, mgongo kwenye mbao, tumbo amelivuta ndani, akashika mkate wake juu ili tusiuguse. Nilimpita karibu kiasi kwamba kama dirisha lingekuwa wazi ningemgusa kifungo cha shati. Na pale ndipo nilipouangalia ukuta. Kwa urefu ule ule wa bampa plasta ilikuwa imekwanguliwa mstari mrefu, chini yake yaonekana mawe, na mistari mingine ya zamani juu yake imezibwa na rangi isiyofanana. Nilihisi kama niko nyumbani. Ukuta wetu wa upande wa njia una mstari kama ule, kwa urefu ule ule, na sisi huuziba kila mwaka kabla ya Ramadhani.

Hatua chache mbele kukawa na kona Panda yenyewe haikati. Kurudi nyuma, tairi ikagonga chungu cha maua kikapasuka, udongo ukamwagika mlangoni mwa watu. Mama mwenye nyumba akatoka. Mimi nikashuka mbio na maneno yote ya kuomba radhi ninayoyajua, nikatoa pesa akakataa, akaingia ndani akarudi na fagio, tukafagia pamoja. Yule mzee naye akaweka mkate wake kwenye kidirisha akaja kumwongoza baba watoto kwa mikono, "piano, piano," yaani polepole, inchi kwa inchi mpaka tukatoka. Nilifungua sanduku nikampa yule mama halua, akanusa iliki akafumba macho. Ndiye aliyenieleza mambo ya lango, akanionyesha kamera kwa kidole, akasema barua itakuja, hata iwe baada ya miezi, itakuja tu. Kisha akaniambia kabla ya sheria hii alikuwa hawezi kuweka chungu nje. Hapo nikaona aibu ya kile tulichokivunja.

Tuliyoyapata baada ya hapo ni madogo. Mafuta yalitubana mchana wakati vituo vingi vya njiani havina mtu, ni mashini tu, watia noti kwanza kisha wachagua namba ya pampu, tukatia euro 20 tukabonyeza pampu isiyo yetu, na kijana aliyekuja kwenye ile pampu alipoona tayari ina pesa akatutafuta kwa macho, akatutolea yeye noti yake ya 20, Mungu ambariki. Siku hiyo hiyo tulifika mahali saa tisa mchana tuna njaa na jiko limefungwa mpaka jioni, ndivyo walivyo, tukakaa kwenye kivuli tukala mabuyu ya dadangu.

Pontedera tulikwenda kwa ajili ya baba watoto. Kule ndiko kiwanda cha Piaggio, na tuktuk nyingi tunazoziona Mombasa, ingawa zimetengenezwa India, ukoo wake umetoka pale. Kina jumba la makumbusho ndani ya majengo ya zamani ya kiwanda. Vespa walianza kuitengeneza 1946, vita vimekwisha na kiwanda kilichokuwa cha ndege kimepigwa mabomu, na mwaka 1948 wakaifanya ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo kwa mtu asiye na uwezo wa kununua lori, wakaiita Ape, maana yake nyuki. Vespa ni nyigu. Baba watoto aliinama mbele ya Ape ya mwanzo mwanzo, ina usukani wa pikipiki na kitanda cha mbao nyuma, akaiangalia kama mtu anayeangalia picha ya babu yake. Akaniambia, "Hiki kilifanywa kibebe, hakikufanywa kikimbie." Na kweli kwenye miji yao ile ya juu ya vilima bado waziona Ape asubuhi asubuhi, zimebeba mboga, zimebeba takataka, ikifika saa zao zaondoka.

Lucca tulizunguka juu ya ukuta wa mji kwa miguu, ni zaidi ya kilomita 4 na juu pana miti na watu wa baiskeli. Halafu tukashika njia ya pwani kwenda kaskazini, na pale karibu na Carrara nikaona milima myeupe nikamwambia baba watoto angalia theluji, na sisi tunasikia joto. Si theluji, ni marumaru, milima yenyewe imechongwa, na ndiko Michelangelo alikokuwa akitoa mawe yake. Barabara ya kuvuka milima mpaka Parma ni ya kulipia na ina mahandaki mengi, mwendo unaoruhusiwa kwenye barabara hizo ni 130, mvua ikinyesha 110, sisi tulikwenda 100 upande wa kulia na gari zatupita. Pa kulipia tukaingia njia ya alama za njano, ile ni ya wenye kifaa cha Telepass kwenye kioo, baria haikufunguka na nyuma zimeshajipanga gari tano. Baba watoto akataka kurudi nyuma nikamshika mkono, kurudi nyuma pale ni kosa kubwa. Kuna kitufe cha kuomba msaada, nikabonyeza, ikaja sauti ya mtu, na hapo Kitaliano changu cha Malindi kilifanya kazi yake yote, akatutolea karatasi ya deni na siku 15 za kulipa, baria ikapanda. Harusi ilikuwa nzuri mashaallah, pilau lilipikwa, kanga ziligawiwa, halua ilipungua kilo moja na dadangu hakuuliza.

Barua zilikuja mwezi wa kumi na moja. Kwanza wenye gari walikata pesa zao kwenye kadi kwa kazi ya kupeleka jina letu kwa polisi wa manispaa, kisha zikaja faini mbili, siku moja, lango moja, zimepishana dakika kumi na moja. Kila moja ilizidi euro 80 ukiacha gharama za posta. Ukilipa ndani ya siku tano hupunguziwa asilimia 30, tukalipa siku ya pili, na ukijumlisha yote ilipita elfu 40 za Kenya. Majirani waliosikia walituambia tumeibiwa. Sisi hatukuibiwa. Tuliingia kwenye njia ya watu kwa gari wakati wao wameshakubaliana gari lisiingie, tukavunja chungu cha mtu, na yule mzee aliyejibana mlangoni na mkate wake ni kama baba yangu.

Ndio nasema na Mombasa, Mhariri. Sisi tuna mji wa kale kama wao. Hata Fort Jesus iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593 mchoraji wake alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na tangu 2011 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ukitoka kwenye lango la ngome ile ukashika Ndia Kuu, unapita nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, roshani za mbao, na humo humo Mji wa Kale upo msikiti wa Mandhry ambao wanasema ni wa mwaka 1570. Nyumba hizi hazina msingi wa zege. Lori la soda likipita, vikombe kwenye kabati la bibi yangu vinalia, mimi nimevisikia tangu niko darasa la nne na sasa vinalia mara nyingi zaidi. Mwaka juzi pikapu iliyobeba mabati iling'oa nguzo ya roshani ya jirani, haikusimama. Watoto wetu wakienda madrasa jioni hutembea mmoja nyuma ya mwengine wamebana ukuta, na wakisikia tuktuk wanajibana mlangoni. Kama yule mzee. Sikulifahamu jambo hili mpaka nilipokuwa mimi niliye ndani ya gari.

Sisemi watu wa Mji wa Kale wafungiwe. Mgonjwa apelekwe hospitali mpaka mlangoni wakati wowote, janaza ipite, bibi harusi apite, mzee asiyeweza kutembea abebwe. Wenye maduka waletewe mizigo alfajiri mpaka saa tatu asubuhi kama wafanyavyo wenzetu, na baada ya hapo hamali na mkokoteni. Mkaazi mwenye gari apewe kibali na mahali pa kuliweka. Lakini kuanzia Alasiri mpaka Isha Ndia Kuu iwe ya miguu, na vichochoro vya Kibokoni na Mkanyageni visipite pikipiki kabisa saa hizo. Kamera si lazima, nguzo mbili na askari mmoja wa kaunti aliyepewa heshima yake zatosha kuanzia. Na naomba sana, kwa yaliyotupata sisi, kibao kiandikwe kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida: MAGARI YASIINGIE, saa fulani mpaka saa fulani. Kisiwe cha kufumbua fumbo.

Naiomba serikali ya kaunti na watu wa makavazi ya taifa waite baraza, waite na wenye tuktuk, wasituletee sheria usiku tukaamka asubuhi tumekamatwa. Wenye tuktuk watasema watapoteza, na mimi ni mke wa mmoja wao nimefanya hesabu. Abiria wengi wanaoingia Mji wa Kale mwendo wao ndani ni dakika tatu nne, tuktuk yenyewe hukwama pale robo saa ikingoja mwenzake arudi nyuma. Wakiwekewa stendi nzuri pale nje karibu na ngome na nyingine upande wa Marikiti, hiyo robo saa wanafanya safari nyengine.

Sisi tumeshaanza. Tangu Jumatatu iliyopita tuktuk zetu tatu haziingii Ndia Kuu kuanzia Alasiri mpaka Isha, zinasimama nje karibu na ngome, na abiria mwenye mizigo kijana wetu hushuka akambebea kwa miguu mpaka mlangoni kwake bila kuongeza shilingi. Juzi mama mmoja alimuuliza kwa nini asimfikishe na tuktuk, kijana akamweleza, yule mama akasema basi twende polepole kuna joto, na wakenda wakizungumza. Mwenye tuktuk anayetaka kujiunga nasi aje pale nje ya ngome saa kumi jioni, baba watoto yupo kila siku isipokuwa Ijumaa.

Ni mimi msomaji wako,
Mama wa Kibokoni,
Mji wa Kale, Mombasa